Kichwa cha Mwafrika kwenye Ngao ya Coburg

Mji wa Coburg uko kaskazini mwa jimbo la Bavaria nchini Ujerumani, na wakazi wake ni elfu arobaini hivi. Una ngome kubwa juu ya kilima, kanisa la kale lenye minara miwili isiyolingana, na uwanja wa soko unaotazamana na jengo la manispaa. Miji ya namna hiyo ni mingi katika eneo lile. Kinachomsimamisha mgeni kutoka kwetu ni nembo yake. Katikati ya ngao ya rangi ya dhahabu pamechorwa kichwa cha mtu mweusi kilichogeukia upande, chenye midomo minene na hereni ya dhahabu sikioni. Hakuna mwili wala silaha, na hakuna jina. Kichwa hicho kipo kwenye nyaraka za manispaa, na kipo pia kwenye mifuniko ya chuma ya chemba za majitaka, ambako wapita njia hukikanyaga kutwa nzima bila kukitazama.

Mwaka 1934 Wanazi walikiondoa kichwa hicho. Mwaka 1945 kikarudishwa. Mwaka 2020 wanaharakati wanaopinga ubaguzi wa rangi waliomba kiondolewe tena. Nimeichagua historia hii kwa sababu inatulazimisha, wanafunzi, wanaharakati na watumishi wa umma kwa pamoja, kujibu swali tunalolikwepa kila tunapojadili sanamu, majina ya mitaa na alama za dola: je, maana ya alama imo ndani ya picha yenyewe, au imo mikononi mwa wale wenye mamlaka ya kusema inamaanisha nini?

Katika semina zangu huwa naanza na nembo ya taifa letu la Tanzania. Hapo hakuna anayeshindwa. Wanafunzi hutaja Mwenge wa Uhuru, bendera, shoka na jembe, mkuki, mawimbi, kisha mwanamume na mwanamke walioshika pembe za ndovu juu ya Mlima Kilimanjaro, karafuu na pamba zikiwa miguuni pao. Nembo hiyo inajieleza kwa sababu tumefundishwa kuisoma tangu darasani. Halafu naonesha ngao ya Coburg bila kutaja mji. Wengi husema ni mtumwa. Wachache husema ni adui aliyeshindwa vitani na kukatwa kichwa. Sijawahi kumpata aliyesema kwamba ni mtakatifu mlinzi wa mji, jemadari wa Kirumi. Jibu hilo ndilo sahihi, na siwalaumu kwa kulikosa.

Mtakatifu huyo ni Mauritius. Masimulizi ya Kikristo, ambayo yalipata umbo lake katika karne ya 5 kwa kalamu ya Askofu Eucherius wa Lyon, yanasema kwamba Mauritius aliongoza kikosi cha askari Wakristo kutoka Thebe, nchini Misri. Kilipelekwa milimani upande wa Uswisi ya leo mwishoni mwa karne ya 3. Kaisari Maximianus aliwaamuru watende jambo ambalo imani yao ililikataza. Wakagoma, wakauawa wote mahali palipoitwa Agaunum. Wanahistoria wana shaka kubwa kama mambo yalitokea hivyo. Lakini kwa historia ya alama, shaka hiyo haina uzito sana: watu waliamini, na wakachora walichoamini. (Wanaojiuliza kuhusu kisiwa cha Morisi, jibu ni ndiyo, kwa njia ya kuzunguka. Waholanzi walikiita kwa heshima ya mwanamfalme wao Maurits, naye jina lake latokana na la mtakatifu huyuhuyu.)

Kwa karne nyingi baada ya hapo wasanii wa Ulaya walimchora Mauritius akiwa mweupe kama wao. Mabadiliko yalitokea Magdeburg, mashariki mwa Ujerumani, mji ambao Otto wa Kwanza aliufanya makao ya ibada ya mtakatifu huyu katika karne ya 10. Katika kanisa kuu la mji huo, kati ya mwaka 1240 na 1250 hivi, mchongaji ambaye jina lake halikuhifadhiwa alitengeneza sanamu ya Mauritius mwenye uso wa Mwafrika. Kwa nini? Jina lenyewe lilichangia, maana katika Kilatini linahusiana na neno *Maurus*, mtu wa Afrika Kaskazini, ambalo ndilo lililozaa neno la Kijerumani *Mohr*, lililokuja kumaanisha mtu mweusi yeyote. Pia ilikuwa zama ya wafalme waliotaka kuonesha kwamba himaya yao ni ya ulimwengu mzima. Vyovyote iwavyo, sanamu ile ni kazi ya heshima kubwa. Amevaa vazi la vita la minyororo ya chuma, macho yake yana utulivu wa mtu anayejua wajibu wake, na uso wake umechongwa kwa uangalifu ambao mchongaji huwapa watu halisi. Ukimtafuta Mwafrika aliyeheshimiwa katika sanaa ya Ulaya ya enzi za kati, anzia hapo.

Sasa mlinganishe na kile kichwa cha Coburg. Mlinzi ni yuleyule, lakini safari kutoka Magdeburg hadi kwenye ngao hii imemvua karibu kila kitu. Sehemu ya lawama ni ya elimu ya nembo yenyewe, ambayo hupenda ufupi: simba huwa kichwa cha simba, tai huwa bawa, mtakatifu huwa kichwa au fimbo yake. Sehemu nyingine si ya kitaalamu. Hereni na midomo iliyotiwa chumvi vinatoka kwenye akiba nyingine kabisa ya picha, ile ya watumishi weusi waliowekwa katika majumba ya wakuu wa Ulaya kama mapambo, ambao baadaye walihamia kwenye makopo ya kahawa na karatasi za chokoleti. Jemadari aliazimwa sura ya mtumishi. Ndiyo maana wanafunzi wangu wanapotaja utumwa, wanasoma jambo ambalo kweli limo ndani ya mchoro, hata kama nia ya asili ya mji haikuwa hiyo.

Nao wanaosema ni adui aliyekatwa kichwa wana ushahidi, ila ni wa mahali pengine. Bendera ya Sardinia ina vichwa vinne vya watu weusi, urithi wa wafalme wa Aragon na kumbukumbu ya ushindi dhidi ya Waislamu wa Hispania. Kwa muda mrefu vichwa hivyo vilichorwa vimefungwa kitambaa machoni. Sheria ya kisiwa hicho ya mwaka 1999 ilikiweka kitambaa kwenye paji la uso. Umbo la kichwa cheusi katika nembo za Ulaya, basi, hubeba maana mbili zinazopingana: hapa mlinzi, pale aliyeshindwa. Anayepita tu barabarani hana namna ya kuzitofautisha.

Jambo moja la Coburg linastahili kutajwa hapa. Mwaka 1530 Martin Luther alikaa kwenye ngome ya mji huo kwa karibu nusu mwaka, kuanzia Aprili hadi Oktoba, wakati wenzake wakijadiliana na Kaisari huko Augsburg. Coburg ilikuwa tayari imeingia katika Matengenezo ya Kanisa, na Walutheri wetu wanajua jinsi matengenezo hayo yalivyopunguza nafasi ya watakatifu. Hata hivyo Mauritius alibaki. Kanisa kuu la mji liliendelea kuitwa kwa jina lake, na sanamu yake ikawekwa juu ya paa la jengo la manispaa akiwa na rungu la ujemadari mkononi. Wenyeji husema kwa mzaha kwamba urefu wa rungu hilo, sentimita 31, ndio kipimo halali cha soseji ya Coburg. Mtakatifu aliyepoteza ibada akapata kazi ya kupima soseji! Nasema hivi bila kebehi. Alama hudumu namna hiyo: waumini wakiiacha, wenye mji wanaichukua, na mapenzi yao kwayo huwa ya kweli hata kama hawakumbuki tena inatoka wapi.

Ni mapenzi hayo ninayotaka kuyapima.

Mnamo Oktoba 1922 Adolf Hitler, wakati huo mwanasiasa wa mjini Munich asiyejulikana sana nje ya Bavaria, alipanda treni na mamia ya wapiganaji wake hadi Coburg kuhudhuria mkutano wa wazalendo wenye siasa kali. Wakapigana mitaani na wafuasi wa vyama vya wafanyakazi, wakashinda, na ushindi huo ukageuzwa kuwa hadithi takatifu ya chama, hata nishani maalumu ikatengenezwa kwa walioshiriki. Mtawala wa mwisho wa Coburg, Carl Eduard, mjukuu wa Malkia Victoria wa Uingereza, aliyejiuzulu mwaka 1918, alikuwa miongoni mwa wakubwa waliowapa Wanazi sura ya uungwana. Juni 1929 chama hicho kilipata viti 13 kati ya 25 katika baraza la mji. Ulikuwa mji wa kwanza Ujerumani ambamo Wanazi walipata wingi wa viti kwa kura. Tarehe 18 Januari 1931 bendera yenye swastika ilipandishwa kwenye jengo la manispaa, miaka miwili kabla Hitler hajawa Kansela. Mwaka 1932 akapewa uraia wa heshima wa mji. Wakati huohuo Wayahudi wa Coburg walikuwa wakitukanwa, wakisusiwa biashara zao na kushambuliwa.

Naomba msomaji azitazame tarehe hizo tena. Swastika ilipopandishwa mwaka 1931, nembo rasmi ya mji ilikuwa bado kichwa cha Mwafrika mtakatifu. Ilibaki hivyo hadi 1934. Watu walewale waliokipenda kichwa hicho, waliokula soseji iliyopimwa kwa rungu la mtakatifu mweusi, ndio waliopiga kura ile. Hawakuona mgongano wowote. Picha ya Mwafrika haikuwazuia, kwa kuwa haikuwa imewafungamanisha na Mwafrika yeyote aliye hai.

Mgongano uliwaumiza viongozi wa chama tu, ambao walikuwa wakali wa mantiki. Kwa itikadi yao, uso wa mtu mweusi haukuweza kuwakilisha mji wa Kijerumani, sembuse mji waliojivunia kuwa wa kwanza kuwapokea. Mwaka 1934 wakabuni ngao mpya: upanga uliosimama wima, na swastika kwenye kitako cha mpini wake.

Katika miaka hiyohiyo alikuwako Berlin Mwafrika aliye hai, tena msemaji wa Kiswahili, mzaliwa wa Dar es Salaam. Bayume Mohamed Husen alizaliwa mwaka 1904, mtoto wa askari wa jeshi la ukoloni la Wajerumani, na katika Vita Kuu ya Kwanza alitumikia jeshi hilo akiwa bado mtoto. Mwaka 1929, mwaka ule wa uchaguzi wa Coburg, alifika Berlin kudai malipo ya utumishi wake na wa baba yake. Hakulipwa. Akabaki, akafanya kazi ya uhudumu, akaoa, akaigiza katika filamu, na akawafundisha Wajerumani Kiswahili chuoni. Serikali ilipoanzisha mwaka 1934 nishani kwa waliopigana vita ile, Husen aliiomba. Akanyimwa. Mwaka 1941 ilitoka filamu ya kumtukuza Carl Peters, yule ambaye wazee wetu walimpa jina la Mkono wa Damu, na Husen alikuwamo kama mwigizaji. Mwaka huohuo alikamatwa kwa kosa la uhusiano na mwanamke mweupe, akapelekwa katika kambi ya mateso ya Sachsenhausen, na huko akafa tarehe 24 Novemba 1944. Hakuwa peke yake katika kadhia hiyo. Mwaka 1937 mamia ya watoto wa eneo la mto Rhine, ambao mama zao walikuwa Wajerumani na baba zao askari wa makoloni ya Ufaransa, walichukuliwa kwa siri na kufanyiwa upasuaji wa kuwaondolea uwezo wa kuzaa.

Sisemi kwamba Husen alipata kufika Coburg. Ninasema kwamba mwaka mmoja wa 1934 dola moja ilishughulika na kichwa cha kuchorwa na pia na mtu, na katika historia za miji ya Ulaya utasimuliwa habari ya kichwa mara nyingi zaidi kuliko habari ya mtu.

Majeshi ya Marekani yaliingia Coburg Aprili 1945, na mwaka huo ngao ya kale ikarudi. Ilikuwa haki irudi. Upanga ule haukuweza kubaki hata siku moja. Lakini kurudi huko kulikuwa na kazi ya pili ambayo naona haijasemwa vya kutosha. Kuliupa mji ushahidi wa kutokuwa na hatia. Simulizi likawa fupi na tamu: wabaya walikuja, wakamfukuza Mauritius wetu, wabaya wakaondoka, tukamrudisha. Katika simulizi hilo Mauritius na mji wanakuwa wahanga wa pamoja, na vile viti 13 vya mwaka 1929 vinapotea, kana kwamba Wanazi walishuka kutoka mwezini.

Ndiyo maana mjadala wa mwaka 2020 ulikuwa mkali. Baada ya kuuawa kwa George Floyd nchini Marekani mwezi Mei, miji mingi ya Ulaya ilianza kuhojiwa. Huko Berlin, baraza la wilaya ya kati liliamua mtaa uliobeba neno *Mohr* upewe jina la Anton Wilhelm Amo, Mwafrika kutoka Axim, katika Ghana ya leo, aliyefundisha falsafa katika vyuo vikuu vya Halle na Jena katika karne ya 18. Kwa Coburg lilianzishwa ombi mtandaoni la kutaka kichwa kiondolewe. Likajibiwa na ombi jingine la kutaka kibaki. Manispaa ilikibakiza. Hoja iliyorudiwa sana na watetezi ilikuwa kwamba Wanazi ndio waliokiondoa, kwa hiyo anayetaka kukiondoa sasa anafuata nyayo zao.

Hoja hiyo ni dhaifu, na inafaa wanafunzi wajifunze kuivunja. Wanazi hawakukiondoa kwa sababu kinamdhalilisha mtu mweusi. Walikiondoa kwa sababu, kwa maoni yao, kinamtukuza. Anayekipinga leo anasema kinyume cha hayo. Vitendo viwili vinavyofanana vinaweza kutoka kwenye sababu zinazopingana, kama vile vichwa viwili vinavyofanana, cha Sardinia na cha Coburg, vinavyobeba maana zinazopingana. Hakimu hawezi kuhukumu kwa kutazama mkono uliotenda tu.

Hata hivyo siko pamoja moja kwa moja na wenzangu wanaotaka kifutwe. Nimesoma hoja yao na naiheshimu, hasa inapotoka kwa Wajerumani weusi ambao neno *Mohr* si historia kwao bali ni tusi wanalolisikia. Mtoto mweusi anayekulia Coburg hakutani na jemadari wa Thebe. Anakutana na midomo na hereni. Lakini kukifuta kabisa ni kuuacha mji ukiwa mweupe kwenye ngao yake, na hilo ndilo lililotakiwa mwaka 1934, ingawa kwa nia nyingine. Mimi ningependekeza jambo ambalo watetezi na wapinzani wote wawili huenda wakalichukia: wamrudishie mwili. Wachukue sanamu ya Magdeburg kama kielelezo, wampe vazi lake la vita na ule uso uliochongwa kwa adabu, wamwite kwa jina lake Mauritius, na hereni waipeleke makumbusho ikaelezwe ilikotoka. Nembo za miji huchorwa upya mara kwa mara. Hakuna utakatifu wowote katika mstari wa wino.

Wako watakaosema kwamba huo ni urembo tu, kwamba mji uliobadilisha mchoro bila kufundisha habari za mwaka 1929 haujabadilika. Ni kweli, na ndiyo sababu ningetaka mambo hayo mawili yaende pamoja. Huko Berlin, katika mtaa wa Brunnenstraße, tangu mwaka 2007 kuna jiwe dogo la shaba njiani, mojawapo ya yale maelfu yanayowakumbuka waliouawa na Wanazi, na juu yake limeandikwa jina la Husen. Nalo hukanyagwa na wapita njia, lakini limewekwa hivyo makusudi, ili mtu ainame asome. Mifuniko ya chemba za Coburg haina cha kusomwa. Mifuniko hiyo huchakaa na kubadilishwa na manispaa kwa bajeti ya kawaida ya ukarabati, bila kuhitaji kura ya maoni wala ombi la mtandaoni. Mimi ningeanzia hapo.